Halmashauri imekataa kumsaidia mtoto wako shuleni? Namna ya kukata rufaa hapa England

Barua ilikuja Ijumaa, kurasa mbili na nusu. Nilipofika kwenye neno la kukataa niliikunja nikaitia kwenye droo ya vijiko, ikakaa humo wiki tatu. Mimi nimekulia Tanga. Kwetu serikali ikishasema imesema, na mtu mwenye akili zake hatafuti ugomvi nayo. Mwanangu alikuwa na miaka mitano, ana maneno kama kumi tu, na shuleni alikuwa akijificha chini ya meza kila wenzake walipopiga kelele.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Goma tuliyezoea kusubiri watoto pamoja getini. Nilipomsimulia aliniuliza jambo moja tu: "Mama, ulisoma na ya nyuma?" Sikuwa nimesoma. Ukurasa wa nyuma ndio ulioeleza haki ya kukata rufaa na tarehe ya mwisho. Nilibakiwa na wiki tano na siku chache.

Haya ninayoyaandika ni kwa mzazi aliyeshika barua kama ile, au anayeona ipo njiani. Ni sheria ya England peke yake: Children and Families Act ya 2014, kanuni zake za mwaka huohuo, na mwongozo wa serikali uitwao Code of Practice, uliotoka Januari 2015. Ndugu zetu wa Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini wana fomu zao na mabaraza yao, wasifuate tarehe za hapa. Pia serikali imekuwa ikizungumzia kuubadilisha mfumo huu, kwa hiyo kabla hujajaza chochote fungua kurasa za karibuni za serikali au za IPSEA, shirika la hisani linalowashauri wazazi bure juu ya sheria hii, uhakikishe fomu ni ileile.

Kabla ya yote: hofu ya visa

Najua wazazi walioacha kuomba kwa sababu kibali chao kimeandikwa kwamba hawana haki ya fedha za umma. Elimu haimo kwenye orodha ya fedha hizo. Msaada wa shule kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu ni elimu, na halmashauri, au kaunsili kama tulivyozoea kuiita, inawajibika kwa mtoto anayeishi katika eneo lake. Kilichomo kwenye orodha ile ni posho ya ulemavu ya watoto, DLA. Hiyo usiiombe kabla hujapata ushauri wa wakili wa mambo ya uhamiaji. Usichanganye mambo haya mawili, na usikubali mtu wa dirishani akuchanganyie.

1. Jua unachokiomba

Shule ina msaada wake wa kawaida, unaosimamiwa na mwalimu anayeitwa SENCO. Mtoto asipofika popote na msaada huo, kuna karatasi nzito zaidi: EHCP. Ni mpango unaoandikwa na halmashauri, unaoweza kumfuata mtu tangu utotoni hadi miaka 25, na kilichoandikwa katika sehemu yake ya F ni deni la kisheria. Halmashauri inapaswa kukitoa, iwe na fedha au isiwe nazo. Ndiyo maana wanakuwa wagumu kuandika.

Mpango una sehemu kutoka A hadi K, lakini kwa mzazi zinazouma ni tatu. B inaeleza mahitaji ya mtoto. F inaeleza atakachopewa kwa kila hitaji. I inataja shule. Ukizielewa hizo umeshika usukani, zilizobaki utazisoma pole pole.

Kwenda kwenye mpango huo kuna milango ya kupita, na kila mlango ukifungwa una rufaa yake: halmashauri kukataa kumfanyia mtoto tathmini, kumfanyia tathmini kisha kukataa kuandika mpango, kuandika mpango dhaifu au kutaja shule isiyofaa, kukataa kuurekebisha baada ya mapitio ya mwaka, na kuufuta. Wengi wetu tunakwama mlango wa kwanza, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

2. Omba tathmini wewe mwenyewe, kwa maandishi

Huna haja ya kusubiri shule. Mzazi ana haki ya kuandikia halmashauri moja kwa moja. IPSEA wana barua ya mfano ya bure, chukua hiyo ujaze ya kwako. Tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Kuanzia siku ombi linapopokewa halmashauri ina wiki 6 za kusema itamfanyia tathmini au haitamfanyia. Njia nzima, kutoka ombi hadi mpango kamili, sheria inaipa wiki 20.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko wanavyokufanya uamini. Kifungu cha 36 kinauliza mambo mawili: je, mtoto ana mahitaji maalumu ya kielimu, au huenda anayo? Na je, huenda ikalazimu msaada wake utolewe kwa EHCP? Liangalie neno "huenda". Hapa huthibitishi kwamba mtoto lazima apate mpango. Unathibitisha kwamba kuna sababu ya kwenda kuangalia.

3. Tengeneza faili

Nunua faili la pete mbili na karatasi za kutenganisha. Mimi nilipita mwaka mzima nikiamini kwamba mwalimu akinitazama machoni akasema "tutalifanyia kazi", basi jambo limeandikwa mahali. Halijaandikwa. Tangu siku ile, kila mazungumzo ya getini nayafuatisha na barua pepe fupi usiku: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa, ulisema mtoto hawezi kukaa na wenzake wakati wa hadithi, na kwamba msaidizi yupo naye asubuhi tu." Wakikaa kimya, barua yako ndiyo kumbukumbu.

Weka humo ripoti za shule, barua za hospitali na za mtaalamu wa matamshi na lugha, mipango ya msaada ya muhula kwa muhula, na madaftari yake. Daftari la hesabu la Septemba na la Machi yakiwekwa sambamba, kurasa zilezile tupu, yanaongea kuliko mwanasheria. Halafu andikia shule na halmashauri uombe nakala ya kila walichoandika kuhusu mtoto. Ni haki yako chini ya sheria ya taarifa binafsi, na wana mwezi mmoja wa kukujibu. Ndani ya rundo lile nilikuta barua ambayo SENCO alimwandikia mwenzake kwamba mwanangu "anahitaji mtu mmoja wa peke yake karibu siku nzima". Mbele yangu hakuwahi kusema hivyo.

Daftari la nyumbani ni muhimu vilevile, na hapa watu wa Kiswahili tuna kazi ya ziada. Utaambiwa, kwa tabasamu, kwamba mtoto amechelewa kusema kwa sababu nyumbani mnazungumza lugha mbili. Na upande wa pili wa simu bibi yake atakuambia baba yake naye alichelewa, muache. Sheria yenyewe, kifungu cha 20, inasema mtoto hahesabiwi kuwa na shida ya kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani ni tofauti na ya shule. Wanaitumia kukukatalia. Kaa na neno "tu". Kazi yako ni kuonyesha kwamba shida ipo hata kwa Kiswahili.

Nilifanya hivi. Jumamosi saa tatu asubuhi nilimwambia, kwa Kiswahili cha kwetu, maneno anayoyasikia kila siku: "Lete kiatu chako, ukiweke mlangoni." Alinitazama mdomo, akaenda, akarudi na kikombe. Nikarudia polepole. Akaleta kiatu, akasimama nacho katikati ya sebule asijue cha kufanya. Dada yake mdogo wa miaka mitatu ndiye aliyekichukua akakiweka mlangoni. Nikaandika tarehe, saa, maneno niliyosema, alichofanya, na alichofanya mdogo wake. Kurasa sita za namna hiyo zilifuta hoja ya lugha mbili moja kwa moja. Mtaalamu akija kumpima, omba mkalimani na usisitize apimwe kwa lugha zote mbili. Akipimwa kwa Kiingereza pekee, liandike hilo katika barua yako kama kasoro.

4. Barua ya kukataa ikifika: hesabu siku

Usiitie droo ya vijiko. Ibandike ukutani, na kandoni uandike tarehe mbili.

Una miezi miwili kuanzia tarehe ya barua ya uamuzi, au mwezi mmoja kuanzia tarehe ya cheti cha usuluhishi, iliyo mbali zaidi kati ya hizo. Tuseme barua ina tarehe 10 Machi. Miezi miwili inaisha 10 Mei. Ukipata cheti cha 28 Aprili, mwezi wake unaisha 28 Mei, basi una hadi 28 Mei.

Cheti hicho ni nini? Kabla ya rufaa, sheria inataka uzungumze na mshauri wa usuluhishi. Namba yake imo kwenye barua ya halmashauri. Lazima umpigie ndani ya ile miezi miwili. Atakueleza usuluhishi ni nini, kisha atakuuliza kama unautaka. Ukisema huutaki, anakupa cheti ndani ya siku 3 za kazi, na hakuna atakayekuhukumu kwa kukataa. Ukiutaka, halmashauri inapaswa kukaa na wewe ndani ya siku 30, na cheti unapata baada ya hapo. Anayekata rufaa juu ya jina la shule tu, bila kugusa sehemu nyingine, hahitaji cheti.

Je, uende usuluhishi? Rafiki zangu wengine watanipinga, lakini kwa mlango wa kwanza, wa kukataliwa tathmini, mimi nasema jaribu. Ni mezani, hakuna jaji, na anayekuja upande wao anapaswa kuwa mtu mwenye mamlaka ya kubadilisha uamuzi palepale. Uliza kabla: "Huyu anayekuja anaweza kusema ndiyo?" Akiwa ametumwa kusikiliza tu, mnapoteza wakati. Kwa mpango dhaifu sijawahi kuona usuluhishi ukimaliza jambo. Unakupa aya mbili nzuri na kukuacha na kumi mbaya.

5. Jaza fomu

Aliyekataliwa tathmini anajaza SEND35A. Rufaa nyingine za mzazi ni SEND35. Zote zinapatikana bure kwenye tovuti ya serikali, na rufaa yenyewe haina ada hata senti. Ambatanisha barua ya uamuzi, cheti, sababu zako na ushahidi ulio nao. Ushahidi mwingine unaweza kufuata, kwa hiyo usiikose tarehe kwa kusubiri ripoti moja.

Fomu inauliza kama unahitaji mkalimani. Jibu ndiyo hata kama unajua Kiingereza cha dukani, maana siku ile utaulizwa juu ya mtoto wako kwa maneno ya kitaalamu na moyo unakwenda mbio. Taja Kiswahili chako ni kipi. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi akiletewa mkalimani wa Unguja wataelewana, lakini kuna mahali watapishana. Na mtu wa Barawa anayesema Chimwini aandike Chimwini. Baraza la rufaa, lile litakaloamua kesi yako, ndilo linalomlipa mkalimani. Mtoto wako mkubwa asikutafsirie. Karatasi lakini ziwe za Kiingereza: barua ya kliniki ya nyumbani, ya Dar au Mombasa, itafsiriwe kwanza.

Sababu za rufaa ndizo zinazowatoa watu jasho. Mimi niliziandika kwa Kiswahili kwanza, usiku, bila kujali, kisha rafiki akanisaidia kuzigeuza. Kurasa nne zikawa moja na nusu. Mpangilio wake ulikuwa huu:

"Mtoto ana shida ya kuelewa lugha na ya kuvumilia kelele. Angalia ripoti ya mtaalamu wa lugha, ukurasa wa 12, na barua ya hospitali, ukurasa wa 19. Shule imempa kikundi kidogo mara mbili kwa wiki tangu Septemba. Ukurasa wa 31 unaonyesha hakufikia lengo hata moja kati ya manne. SENCO mwenyewe ameandika, ukurasa wa 40, kwamba anahitaji mtu wa peke yake karibu siku nzima. Shule haiwezi kutoa hilo kwa rasilimali zake. Kwa hiyo huenda ikalazimu apewe EHCP, na halmashauri ilipaswa kumfanyia tathmini."

Kila sentensi ina ukurasa wake. Machozi yako weka kwenye daftari lingine. Wanaosoma wamesoma mengi, na wanachotafuta ni pale sheria inapokutana na ushahidi.

Kisha zijibu sababu zao moja moja. Nilizokutana nazo mimi na wenzangu ni zilezile mwaka hadi mwaka. "Shule haijaonyesha imetumia pauni 6,000": hiyo ni hesabu ya bajeti ya shule, haimo kwenye kipimo cha kifungu cha 36. "Hana jina la ugonjwa": sheria haitaki uthibitisho wa daktari, inaangalia mahitaji, na mtoto anayesubiri foleni ya kupimwa usonji ana haki ileile. "Anaendelea vizuri kimasomo": mahitaji si kusoma na hesabu tu. Mtoto anayepata alama nzuri huku akirudi nyumbani akijipiga kichwa ukutani ana mahitaji. "Sera yetu inataka mizunguko miwili ya msaada kwanza": sera ya halmashauri haiwezi kuipita sheria ya Bunge.

6. Unaposubiri

Baraza la rufaa, ambalo wenyewe wanaliita SEND Tribunal, litakuandikia likiandikisha kesi na kukupa ratiba: tarehe ya halmashauri kujibu, ya ushahidi wa mwisho, ya kusikilizwa. Nakili tarehe zote mahali pamoja. Halmashauri ina siku 30 za kazi za kujibu. Rufaa za kukataliwa tathmini kwa kawaida huamuliwa kwa karatasi bila mtu kuitwa, ingawa unaweza kuomba usikilizwe. Za mpango na shule huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingine inakaribia mwaka, na mtoto anaendelea kukua.

Usilale. Shule ikimrudisha nyumbani saa sita mchana "ili apumzike", omba waandike. Ripoti mpya ikitoka, ipeleke. Ukihitaji muda au amri fulani, kuna fomu ya SEND7. Usipige simu ukidhani imetosha.

Halafu subiri jambo ambalo hakuna aliyenionya: siku moja halmashauri inakupigia kusema imebadili mawazo, tathmini itafanyika, ungependa kuiondoa rufaa? Inatokea sana. Furahi, lakini usiondoe chochote kwa simu. Waombe waandikie baraza rasmi kwamba hawapingi, ili tarehe za kisheria zianze kuwabana. Mama mmoja wa kwetu aliiondoa kwa neno la simu, akasubiri miezi minne.

Hata wasipobadili mawazo, hesabu ziko upande wako. Katika mwaka wa masomo 2022/23, kati ya kesi zilizofika hadi baraza likatoa uamuzi, 98 katika kila 100 ziliangukia upande wa mzazi au kijana, walau kwa sehemu. Nilipoiona takwimu hiyo sikufurahi, nilikasirika. Kumbe walikuwa wanajua.

7. Rufaa ya mpango dhaifu

Rasimu ya mpango ikifika una siku 15 za kutoa maoni na kutaja shule unayoitaka. Isome ukiwa na kalamu nyekundu, uanze na sehemu ya F. Maneno ya kutafuta ni yale yanayoteleza: "fursa ya", "inapofaa", "mara kwa mara", "atanufaika na". Yote yanaonekana ya upole, na hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kuyatimiza.

Ya mwanangu ilikuja hivi: "Atapewa fursa za kazi za vikundi vidogo, na msaada wa mtaalamu wa lugha inapofaa."

Tulipomaliza ilisomeka hivi: "Mtaalamu wa matamshi na lugha mwenye sifa atafanya kazi na mtoto ana kwa ana, dakika 45 kila wiki ya muhula, katika chumba tulivu shuleni. Mwalimu msaidizi aliyefundishwa na mtaalamu huyo ataendeleza mazoezi dakika 15 kila siku. Mtaalamu atatenga saa 3 kila muhula kumfundisha msaidizi na kuandika malengo mapya."

Nani, mara ngapi, dakika ngapi, ana ujuzi gani. Lakini huwezi kuzitunga namba hizo kichwani, lazima zitoke kwenye ripoti. Ripoti nyingi zinaishia "atanufaika na tiba ya lugha". Mwandikie aliyeiandika umuulize, kwa adabu na kwa maandishi: mara ngapi kwa wiki, kwa muda gani, na nani? Wengine watajibu. Asipojibu, ndipo wazazi huanza kufikiria ripoti ya kulipia, ambayo ni ghali. Mimi sikuweza, na tulifika bila hiyo.

Angalia pia tiba ya lugha wameiweka wapi. Halmashauri hupenda kuitia sehemu ya G, ya afya. Sheria inasema huduma ya afya inayomfundisha au kumfunza mtoto ihesabiwe kuwa ni ya elimu, na kumfundisha mtoto kuwasiliana ni elimu. Dai iwekwe F. Huko ndiko kuna deni la halmashauri, na huko ndiko amri ya baraza inaposhika. Kwa sehemu za afya na ustawi wa jamii baraza linatoa mapendekezo tu.

Kuhusu shule, ukitaja ya serikali, ya kawaida au maalumu, halmashauri inapaswa kuikubali isipokuwa ionyeshe kwamba haimfai mtoto, au kuwepo kwake kutavuruga elimu ya wenzake, au ni matumizi mabaya ya rasilimali. Wao ndio wa kuthibitisha. Nenda ukaitazame kwanza, saa ya chakula cha mchana kama watakuruhusu. Hapo ndipo utajua kelele zake.

Katika rufaa hizi kuna hati moja ya kompyuta inayopita baina yenu, kila upande ukiandika mabadiliko yake kwa mtindo wake wa herufi. Ihifadhi kila toleo kwa tarehe. Wiki ya mwisho kabla ya kusikilizwa vipengele vingi hukubalika humo kimya kimya, vikabaki vitano sita vya kubishania.

8. Siku ya kusikilizwa

Siku hizi nyingi hufanyika kwa video. Mezani yupo jaji na mtaalamu mmoja au wawili wa mahitaji maalumu. Hakuna joho wala kizimba. Mtoto halazimiki kuwepo, lakini wanataka kujua anataka nini, hata kwa picha alizochora au video fupi.

Nilikuwa nimevaa kitambaa kipya na nimebandika karatasi kwenye friji: "USISEME NDIYO KWA ADABU." Maana sisi tunaitikia kwa heshima, "ndiyo, ndiyo", mtu anapoongea, kumbe kwenye kumbukumbu inaandikwa umekubali. Ukiulizwa usichoelewa sema hujaelewa. Mkalimani akikosea msahihishe palepale. Aliyesimama upande wa halmashauri alisema mtoto "ametulia sana mwaka huu". Nilimwomba jaji ruhusa, nikasoma ukurasa wa 57, kumbukumbu za shule yenyewe: mara 14 chini ya meza katika muhula mmoja. Sikuongeza neno.

Unaweza kwenda bila mwanasheria, na wengi hufanya hivyo. Kila halmashauri inalazimika kuwa na huduma ya ushauri wa bure isiyoegemea upande, inayoitwa SENDIASS. Ubora wake unategemea mtaa. IPSEA na SOS!SEN nao hutoa ushauri wa bure. Wapigie mapema, simu zao zina foleni.

9. Baada ya uamuzi

Uamuzi huja kwa maandishi, mara nyingi ndani ya siku 10 za kazi. Saa inaanza tena, safari hii upande wao. Wakiamriwa kufanya tathmini wana wiki 2 za kukutaarifu wameanza, na kama mpango utaandikwa, ukamilike ndani ya wiki 14 tangu amri. Wakiamriwa kuandika mpango, rasimu ndani ya wiki 5 na mpango kamili ndani ya 11. Wakiamriwa kuurekebisha, wiki 5.

Ikifika siku ya kwanza ya muhula na mtaalamu hajaonekana, usianze kulalamika kwa mwalimu wa darasa, hana kosa. Andikia halmashauri ukitaja kifungu cha 42 na sentensi ya sehemu F isiyotimizwa, uwape siku chache za kujibu. Wakinyamaza, kuna malalamiko rasmi, kisha Local Government and Social Care Ombudsman, na kwa jambo la haraka kuna kesi ya Mahakama Kuu. Kesi hiyo hufunguliwa kwa jina la mtoto, jambo linaloweza kufungua mlango wa msaada wa kisheria, kwa hiyo muulize wakili kabla hujasema huna hela. Kwetu ilitosha barua moja ya mistari tisa. Jumanne iliyofuata mtaalamu wa lugha alikuwa ameshika begi lake mapokezi.

Mpango unapitiwa angalau kila miezi 12, na ndani ya wiki 4 baada ya kikao halmashauri inapaswa kukuambia itauacha ulivyo, itaurekebisha au itaufuta. Wakiuacha ulivyo au wakiufuta una haki ya rufaa, na miezi yake miwili; wakiurekebisha, haki hiyo inakuja na mpango mpya wa mwisho. Chetu kinakuja Juni. Faili limeshakuwa matatu, na lile la kwanza, lenye barua yenye mikunjo ya droo ya vijiko, bado liko juu.